Uzi: Kumwita mtu "mfadhili wangu" ni kumsifu au kumtukana?

#1 Kitasa Kibovu
Wakuu, naombeni msaada wa lugha maana nyumbani hakukaliki.

Jumamosi ilikuwa sendofu ya mdogo wangu, Tabata. Nikapewa maiki niseme neno kwa niaba ya watoto. Mzee wetu alifariki nikiwa darasa la sita, na aliyetusomesha wote wanne ni baba mdogo. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru mama, halafu nikasema: "Na kipekee namshukuru mfadhili wetu, baba mdogo, bila yeye tusingefika hapa." Vigelegele vikapigwa, muziki ukawekwa, nikarudi kukaa najiona nimeongea.

Pilau sijaifikisha nusu, shangazi kaniinamia sikioni: "Mfadhili? Kwani ninyi mlikuwa kituo cha yatima? Yule ni baba yenu." Mpaka leo salamu yangu haitikii. Anasema nimemtoa kaka yake kwenye undugu nikamweka fungu moja na wazungu wa miradi.

Kamusi nimefungua. Mfadhili ni mtu anayewatendea wengine wema, basi. Sasa tusi liko wapi? Ila nikikaa peke yangu naona shangazi ana kitu, maana hata mimi mtu akiniambia "mimi ndiye niliyekufadhili" damu inachemka. Neno moja linabebaje msaada na dharau kwa pamoja? Asili yake ni nini?

#2 Jirani Mmbea
Siti ya mbele. Bisi ninazo.

#3 Bi Mkasi
Shangazi yuko sahihi na wewe kamuombe radhi na khanga doti moja. Mfadhili ni mtu wa nje. Fadhila ni kitu ambacho mtu angeweza asifanye na asilaumiwe. Baba mdogo kulea watoto wa marehemu kaka yake ni wajibu. Ukiuita fadhila umesema alikuwa na uhuru wa kuwaacha mtaani.

#4 Mwl. Chaki
Asili ni Kiarabu, mzizi f-dh, ule ule wa neno fedha. Ndiyo maana mfadhili lazima awe na fedha. Dharau inakuja kwa sababu mwenye fedha siku zote anamdharau asiyenazo. Uzi unaweza kufungwa.

#5 Tende na Kahawa
Mwalimu, usiufunge. Mie n'nakaa Maskati mwaka wa kumi na nne sasa, hilo la fedha si kweli. Fedha imetoka *fidhdha*, madini yale meupe, mzizi wake una herufi dhadi mbili na hauna herufi lamu kabisa. Fadhila ni fa, dhadi, lamu. Maana ya chini kabisa ya mzizi huo ni kubaki, kuzidi. *Fadhl* ni ziada: chakula kilichobaki baada ya watu kushiba, mali iliyozidi mahitaji. Kutoka hapo ikawa kile unachompa mtu kisichokuwa haki yake, yaani wema. Na kutoka kuzidi huko huko ikawa ubora, ndiyo *afdhal* yao, sisi tukaifanya afadhali.

Kwa hiyo mfadhili anakupa ziada yake, na papo hapo yeye mwenyewe amekuzidi. Dharau haikuja baadaye, wamezaliwa pamoja.

#6 Mwl. Chaki
Nimesahihishwa, nakubali. Fedha naiondoa mezani.

#7 Jirani Mmbea
Mwalimu kukaa meza isiyo na fedha ni jambo amelizoea.

#8 Mjukuu wa Mvita
Nyote mwazunguka na methali ipo: *Mfadhili mbuzi utamla mchuzi, mja ana maudhi.* Huku Mombasa mtoto aisikia kabla hajajua kufunga kikoi. Maudhi ya binadamu yajulikana zamani, wala si ya mfadhili, ni ya mfadhiliwa!

#9 Kitasa Kibovu
#8 sisi shuleni tulifundishwa "Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi". Na mimi miaka yote najua maana yake ni kwamba mbuzi ndiye mfadhili wa kweli, anakupa maziwa na nyama asikusimange.

#10 Mjukuu wa Mvita
Lahaula. *Mfadhili* hapo si jina, ni kitenzi! Ni amri: m-fadhili, yaani yeye mbuzi mfadhili wewe. Kama usemavyo "msamehe". Mbuzi afadhiliwa, kisha aliwa.

#11 Bi Mkasi
Yaani huyo mbuzi analishwa majani, anashukuru, halafu anachinjwa. Huo ndio ufadhili mnaousifia?

#12 Jirani Mmbea
Na huku bara anayefadhili wasichana wa mjini anaitwa buzi, na kazi yao ni kumchuna. Kwa hiyo mbuzi amegeuka, sasa ndiye anayetoa. Kitasa Kibovu hakukosea sana.

#13 Nduthi wa Kangemi
Huku Nairobi mfadhili alibaki kwa redio na kwa mikutano ya wanasiasa. Mtaani tuko na sponsa, na kila mtu anajua sponsa ni mzee gani na analipia rent ya nani. Ukimwita mtu wa heshima sponsa wake utapigwa. So hiyo story ya shangazi naielewa kabisa. Na mtu akikusaidia halafu aanze kukuonyesha madharau unamwambia "usinibebe ufala". Angalieni hapo: kubeba. Anakubeba, lakini anakubeba ufala.

#14 Mchambuzi wa Kijiweni
#13 umenigusa. Kwenye soka "kubebwa" ni tusi kamili. Timu ikipewa penalti ya utata dakika za nyongeza, watu wanatuma picha za mbeleko. Mbeleko, kitambaa ambacho mama anambebea mtoto! Hakuna kitu cha upendo kuliko mbeleko, lakini mtu mzima ukimwambia yuko ndani yake umemmaliza.

Na hili la mfadhili tuliishi nalo. Zamani klabu zetu kubwa zilikuwa na "mfadhili", tajiri mmoja anatoa posho, anasajili, anapanga kambi. Marehemu Manji pale Yanga alianza akiitwa mfadhili, 2012 akachaguliwa mwenyekiti kabisa. Siku hizi neno limefifia, tunasema "mdhamini", kuna mkataba na nembo kifuani. Mdhamini anadaiwa na anadai. Mfadhili yeye alikuwa halipwi kitu isipokuwa kuimbwa, na akinuna kambi inavunjika.

#15 Mtumishi wa Shamba
Bwana asifiwe. Mnalionea neno. Zaburi ya 136 inasema fadhili zake ni za milele, na inarudia mstari hadi mstari. Zaburi ya 23, wema na fadhili zitanifuata. Neno halina doa. Doa ni la mwanadamu, na Yesu mwenyewe alishalisema, Luka 22:25: wafalme wa mataifa huwatawala, na wenye mamlaka juu yao huitwa "wenye fadhili". Akawaambia wanafunzi, kwenu ninyi isiwe hivyo. Na haikuwa mafumbo, ilikuwa cheo kweli. Kule Misri Ptolemaio wa Tatu alijulikana kama Euergetes, yaani mtenda mema.

#16 Tende na Kahawa
Mtumishi umenena. Na sisi tumeambiwa katika Suratul Baqara, aya ya 264, tusiziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Sijui bara kama mnalitumia neno kusimbulia, nadhani ninyi mnasema kusimanga.

Lakini jana usiku nimekumbuka jambo jengine, nikashindwa kulala. Neno fidhuli. Mtu mfidhuli, mwenye kiburi na ujuba. Unajua limetoka wapi? *Fudhuli.* Fa, dhadi, lamu. Mzizi ule ule! Mfadhili na mfidhuli ni watoto wa mama mmoja.

Kwa Waarabu *fudhuli* ni mtu anayejitia katika yasiyomhusu, ana ziada ya udadisi. Na katika fikhi, yaani sheria ya Kiislamu, ni istilahi: fudhuli ni mtu anayefanya mambo kwa niaba yako na hukumtuma. Anauza mali yako, anakuozea binti, kisha anakuja kukwambia nimekusaidia. Wanazuoni wamejadili je, mauzo ya fudhuli yanasimama au yanabatilika? Wapo wanaosema yanangoja ridhaa ya mwenye mali. Yaani msaada usioombwa una mlango wake mzima katika vitabu vya sheria.

#17 Nduthi wa Kangemi
Hii ya #16 imenifanya nisimamishe pikipiki kando ya barabara.

#18 Bi Mkasi
Mfadhili na mfidhuli! Naichapisha kwenye kitenge.

#19 Mzee Kibao
Vijana, tulieni. Mambo ya mizizi ni matamu lakini hayaelezi kitu. Shangazi wa Tabata hajui dhadi wala lamu. Neno linachukua harufu ya watu wanaolitumia. Tazameni historia.

Pwani kulikuwa na bwana na mtwana. Hata baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, mtu aliendelea kukaa shamba la bwana wake wa zamani, analima, anaitwa "mtu wa fulani", na wema wote anaoupata ni wa kupewa. Huko ndiko tulikojifunza kwamba kupewa ni kuwa chini ya mtu. Neno "umwinyi" mnalijua, limetoka kwenye cheo cha heshima na leo ni lawama.

Kisha zikaja "nchi wafadhili". Mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi ilitutishia kuondoa misaada kwa sababu tumewaruhusu Wajerumani Mashariki kuwepo nchini, Mwalimu Nyerere akawaambia ondoeni yote. Azimio la Arusha likaonya wazi kwamba misaada na mikopo itahatarisha uhuru wetu. Halafu 1986 tukapiga goti kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, tukaanza kusikia redioni kila siku: wafadhili wamesema, wafadhili wamekasirika, wafadhili wamezuia. Kizazi kilichokulia hapo kinasikia "mfadhili" kinaona mtu ana tai na masharti.

#20 Mwl. Chaki
Mzee wangu shikamoo. Nami leo nisahihishe: Muungano ulikuwa Aprili 1964, lakini lile la Ujerumani lilifika ukingoni 1965. Wao waliondoa wataalamu wa kijeshi waliokuwa wakitusaidia mambo ya ndege, ndipo Mwalimu akasema basi chukueni na mingine.

#21 Mzee Kibao
Marahaba. 1965, sawa. Nilikuwa mdogo.

#22 Bi Mkasi
Ila Mzee, serikali yenyewe ilishaona neno linanuka. Siku hizi wanasema "washirika wa maendeleo" au "wahisani". Pesa ni zile zile na masharti ni yale yale.

#23 Tende na Kahawa
Wahisani ni afadhali (mnaona?) kwa sababu hisani mzizi wake ni uzuri, haina kumzidi mtu. Ndiyo maana televisheni wanaandika "kwa hisani ya", hawaandiki "kwa fadhila za".

#24 Mti wa Mpera
Nimekuwa nasoma kimya tangu juzi. Mimi nimefadhiliwa kweli kweli, kwa hiyo niseme.

Kijijini kwetu kulikuwa na shirika moja, silitaji, linamuunganisha mtoto na mtu Ulaya au Marekani anayemlipia shule. Nilipata wangu nikiwa na miaka tisa. Kila baada ya miezi kadhaa tunakusanywa darasani, mwalimu anaandika barua ubaoni, sisi tunanakili: "Mfadhili wangu mpendwa, mimi sijambo, natumai nawe hujambo." Nilidhani Mfadhili ni jina lake. Nilidhani wote tunamwandikia mtu mmoja, tajiri ajabu, ana watoto mia mbili.

Sikukuu moja alituma hela ya ziada, nikanunuliwa mbuzi, nikapigwa picha nimemkumbatia. Baada ya miezi miwili mbuzi akafa, sijui alikula nini. Siku ya barua nikauliza niandike mbuzi amekufa? Nikaambiwa hapana, andika mbuzi anaendelea vizuri. Nikaandika. Barua iliyofuata mfadhili akauliza kama amezaa. Nikaandika amezaa. Mpaka namaliza darasa la saba nilikuwa na mbuzi wanne kwenye karatasi.

Sasa mkiniuliza kama alinidharau, yule mama hakuwahi. Alinitumia kadi kila mwaka, mwandiko wake unatetemeka, ni mzee. Aliyenifanya nijione mdogo ni utaratibu wote wa kunifanya niwe mtu wa kushukuru tu, hata kwa mbuzi aliyekufa. Lakini bila yeye nisingejua kuandika hiki mnachosoma. Kwa hiyo mimi neno hili siwezi kulipenda wala kulichukia.

#25 Jirani Mmbea
Nimeweka bisi chini.

#26 Mjukuu wa Mvita
#24 pole, na ahsante. Basi mbuzi wa methali yetu umemfadhili wewe, mchuzi hukuunywa, na maudhi umeyapata yote.

#27 Mwl. Chaki
Habari ya #24 imenikumbusha tabia moja ya neno hili. Fadhila ni wema unaotolewa, lakini ni deni pia. Tunasema "kulipa fadhila". Tunasema "hana fadhila" tukimaanisha hana shukrani, na aliyezidi kabisa ni "mwizi wa fadhila". Mwizi! Kana kwamba ulichopewa kilikuwa bado cha mwenyewe. Na angalieni, mfadhili anatajwa kila mahali, anayepokea hana jina. #8 alisema "mfadhiliwa", lakini ni nani amewahi kumsikia mtu akiitwa hivyo kwenye gazeti? Anayepokea ni "yatima", "mhitaji", "mnyonge", "mlengwa".

#28 Kabati la Vitabu
Niko Uingereza, nimechelewa. Mnachokijadili Waingereza nao wanacho. Neno lao *patronize* ni kumuunga mkono mtu au duka, na ni kumsemesha mtu mzima kama mtoto. Limetoka Kilatini, *patronus*, yule mkubwa wa Roma aliyekuwa na watu wake wa kuwalinda, nao wanamfuata. Na ndani yake kuna *pater*, baba. Maana ya dharau ilikuja kushika mwishoni mwa karne ya 18.

Kabla ya hapo Johnson alikuwa ameshamaliza kazi. Katika kamusi yake alieleza kwamba mfadhili kwa kawaida ni baradhuli anayesaidia kwa ufidhuli na kulipwa kwa sifa za kujipendekeza. Tafsiri ni yangu, ila huo ufidhuli nimeona hauna neno lingine linalofaa.

#29 Mwl. Chaki
Kamusi ya Johnson ya 1939 ninayo hapa, hiyo tafsiri siioni kabisa kwenye "mfadhili".

#30 Kabati la Vitabu
Mwalimu, huyo ni Frederick, wa kamusi yetu ya Kiswahili. Mimi nasema Samuel, wa London, 1755. Alisaka msaada wa Lord Chesterfield akaishia kungoja mlangoni. Miaka ikapita, kamusi inakaribia kutoka, bwana mkubwa akaandika gazetini kuisifu. Johnson akamjibu kwa barua ya Februari 1755, akamuuliza: mfadhili si yule anayemtazama mtu akitapatapa majini bila kujali, kisha akishafika nchi kavu anamlemea kwa msaada?

#31 Mzee Kibao
Huyo Samuel angezaliwa Pangani angekuwa mtunga mashairi ya kujibizana.

#32 Mutu wa Likasi
Jambo banduku. Kwetu Kongo patron hana hiyo mambo. Patron ni mwenye kazi, ule anakulipa mwisho wa mwezi. Hata muntu haumujue unaweza mwita patron mu njia, juu akuachie kitu. Yeye anajisikia mukubwa, wewe unapata yako. Nani amezarau nani hapo?

#33 Jirani Mmbea
Na sisi bwenini tulikuwa na patroni na matroni. Ubaba wa patroni wetu ulikuwa kwenye fimbo tu.

#34 Nduthi wa Kangemi
#32 ameuliza swali la maana na mmelipita kama gari la askari.

#35 Tende na Kahawa
Kabla hatujalijibu, neno la mwisho la familia: *tafadhali*. Huku ukiingia nyumba ya mtu anakunyooshea sahani ya halua anasema "tafadhal". Ni neno la anayetoa: karibu, jikirimu. Anayeomba husema "min fadhlak". Sisi tumelichukua la mwenye nyumba tukalitia mdomoni mwa mwombaji. Nikiwa mgeni hapa nilikuwa nikiomba maji kwa kusema tafadhal, watu wanadhani mie ndiye n'nayewapa.

#36 Mtumishi wa Shamba
Kumbe kila tukisema tafadhali tunamkaribisha mtu kwenye fadhila zake mwenyewe.

#37 Bi Mkasi
Mimi sibadiliki. Mtoto wa dada yangu nimemlea tangu ana miezi minane, yuko chuo sasa. Siku akisimama mbele ya watu aniite mfadhili nitaondoka na sufuria zangu. Hata "mlezi" sitaki, mlezi ni wa chama na skauti. Mizizi na Roma kaeni nayo.

#38 Mwl. Chaki
Lakini Bi Mkasi, ukikataa neno linalotaja ulichofanya, si ndiyo namna nyingine ya kutaka kulipwa zaidi?

#39 Bi Mkasi
Mwalimu, usinifidhulie.

#40 Kitasa Kibovu
Nimerudi wakuu. Ahsanteni, nimesoma yote. Khanga nimenunua, doti mbili kabisa, shangazi amezipokea, salamu bado anaipima.

Jana nikaona niende kwa mhusika mwenyewe. Nikamwomba baba mdogo radhi kwa kumwita mfadhili ukumbini. Akaniuliza, lini? Nikamwambia siku ya sendofu, niliposhika maiki. Akasema saa ile umeme ulikuwa unataka kukatika, alikuwa nje na fundi wanahangaika na jenereta. Hakusikia hata neno.

#41 Jirani Mmbea
Jenereta alilipia nani?

#42 Kitasa Kibovu
Yeye.